Tuta la Cardiff: Matembezi Juu ya Ukuta wa Bahari

Miji mingi iliyokua kwa bandari imeachiwa, baada ya meli kubwa kuhamia kwingine, ukanda wa pwani usio na kazi, na kwa miongo kadhaa sasa serikali za miji hiyo zimekuwa zikitafuta namna ya kuurudisha ukanda huo mikononi mwa wakazi. Njia mojawapo, iliyo ghali kuliko nyingi, ni kujenga tuta lenye malango, yaani ukuta mnene wa mchanga, mawe na zege unaokatiza mdomo wa mto au wa ghuba, wenye malango ya kutolea maji ya mto na vyumba vya kupitishia vyombo, ili maji ya ndani yakae katika kimo kimoja ilhali bahari ya nje inaendelea kujaa na kupwa. Matuta ya namna hii hujengwa kwa sababu ya umeme, ya maji ya kunywa, ya kuzuia mafuriko au ya biashara ya ardhi, na ni nadra mno kujengwa kwa ajili ya watu wanaotaka kutembea. Hata hivyo, yakishajengwa na kufunguliwa, huvuta waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na watazamaji wa vyombo, na uchambuzi huu unauliza sababu ya mvuto huo kwa kutumia hasa mfano wa tuta la Ghuba ya Cardiff, katika mji mkuu wa Wales. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kinachovutia katika tuta ni kazi yake inayofanyika mbele ya macho ya watu, na kwamba njia ya umma iliyo juu yake ndiyo fungu ambalo mkazi asiye na ardhi, nyumba ya ufukweni wala mashua hulipata bila kulipia, kwa hiyo inastahili kupimwa kwa uzito uleule unaopewa mitambo na malango.

Ghuba ya Cardiff iko mahali ambapo mito miwili, Taff na Ely, inaingia katika mlango wa mto Severn, na mlango huo una tabia isiyo ya kawaida. Umbo lake husongoka kadiri mtu anavyoelekea mashariki, na urefu wa mkono huo wa bahari unakaribiana na ule unaoyafanya maji yaliyomo yayumbe kwa mwendo uleule wa kujaa na kupwa kwa Atlantiki, hata maji yanayosukumwa humo kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi hurundikana kufikia kimo ambacho ni miongoni mwa vikubwa kabisa duniani. Wakati wa bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi mpevu na mwezi mwandamo ambapo mvuto wa mwezi na wa jua huungana, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa mbele ya Cardiff hukaribia mita 12, na katika bamvua kubwa za mwaka huzidi hapo. Wakati wa maji mafu, mwezi unapokuwa nusu na mivuto hiyo miwili ikipunguzana nguvu, tofauti hushuka kufikia nusu yake hivi. Mkazi wa Mombasa au Unguja, ambako bamvua huleta tofauti ya kama mita 4 na hata hivyo huacha wazi eneo kubwa la mwamba na mchanga, anaweza kukadiria jinsi ghuba yenye tofauti mara tatu ya hiyo ilivyokuwa kabla ya tuta: maji yalipokupwa yalibaki matope matupu, yaliyokatwa na mifereji ya ile mito miwili, na chombo chochote kililala ubavu kikingoja.

Matope hayo hayakuzuia biashara, kwa sababu bandari ilijengwa kwa namna ya kuyakwepa. Gati la kwanza kubwa, lililochimbwa kwa fedha za ukoo wa Bute na kufunguliwa mwaka 1839, lilikuwa beseni lililofungwa kwa lango ili meli zielee humo hata bahari ikikimbia, na yaliyofuata yalijengwa kwa kanuni hiyohiyo. Makaa ya mawe ya mabonde ya kusini mwa Wales yalipitia hapo kwa wingi uliofikia kilele mwaka 1913, yaliposafirishwa zaidi ya tani milioni 10 kutoka Cardiff pekee, na meli zilizoyabeba na kuyachoma zilileta mabaharia wa mataifa mengi, wakiwemo Wasomali na Wayemeni waliozoea kuchukuliwa kazi ya kuchochea moto wa boila, ambao vizazi vyao bado vinaishi katika mtaa wa Butetown uliokuwa ukiitwa Tiger Bay. Baada ya vita vya kwanza vya dunia mafuta yalianza kushika nafasi ya makaa. Shehena ya mwisho ya makaa iliondoka mwaka 1964, kiwanda cha chuma cha East Moors kikafungwa mwaka 1978, na mji ukabaki na gati tupu, maghala mabovu na ghuba ambayo kwa saa nyingi za kila siku haikuwa na maji ya kutazama.

Ni katika hali hiyo ambapo serikali ya Uingereza iliunda, mwaka 1987, shirika la kuendeleza Ghuba ya Cardiff, na shirika hilo likaufanya ujenzi wa tuta kuwa mhimili wa mpango wake wote. Hesabu yake ilikuwa wazi na haikufichwa: wawekezaji wa nyumba, hoteli na ofisi wangelipa zaidi kwa kiwanja kinachotazama ziwa kuliko kiwanja kinachotazama tope. Ulinzi dhidi ya mafuriko ya bahari ulitajwa, na starehe ya wakazi ikatajwa pia, lakini zote mbili zilikuja nyuma ya thamani ya ardhi. Jambo hili linafaa kukumbukwa na kila anayetembelea mahali hapo, si kwa ajili ya kulaumu, bali kwa sababu linaeleza kwa nini njia ya miguu ilichelewa.

Upinzani ulikuwa mkali na ulidumu kwa miaka. Wakazi wa mitaa ya chini, kama Grangetown na Riverside, walihofia kwamba kimo cha ziwa kisichoshuka kingeinua maji yaliyo chini ya ardhi hadi yaingie katika vyumba vya chini vya nyumba zao. Rhodri Morgan, mbunge wa Cardiff Magharibi tangu mwaka 1987, aliibeba hoja yao bungeni kwa ustahimilivu uliochelewesha sheria kwa kiasi kikubwa. Wapenzi wa ndege walipinga kwa sababu tope lililoonekana takataka machoni pa wawekezaji lilikuwa meza ya chakula ya maelfu ya ndege wakati wa baridi. Sheria ilipita mwaka 1993 ikiwa imejaa masharti yaliyotokana na mabishano hayo, ujenzi ukaanza mwaka 1994 chini ya ubia wa kampuni za Balfour Beatty na Costain, na malango yakafungwa Novemba 1999, yakiacha nyuma yake ziwa la maji baridi la hekta 200 lenye mwambao wa kilomita 13. Hofu ya maji ya chini ya ardhi haikutimia kwa kiwango kilichotabiriwa, kwa sehemu kwa kuwa sheria ililazimisha visima vya upimaji na pampu pale zilipohitajika. Morgan mwenyewe alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Wales kuanzia mwaka 2000 hadi 2009, na jengo la bunge la nchi hiyo, lililofunguliwa mwaka 2006, liko ukingoni mwa ziwa hilohilo. Uamuzi wa haki kuhusu upinzani wake ni kwamba ulilifanya tuta kuwa bora: masharti ya ubora wa maji, ya upimaji na ya ulinzi wa nyumba hayangekuwa na nguvu kama yasingepiganiwa kifungu kwa kifungu.

Ndege hawakupata bahati kama ya nyumba. Fidia iliyotolewa ni hifadhi ya ardhi oevu ya Newport, yenye zaidi ya hekta 400, iliyofunguliwa mwaka 2000 katika mwambao huohuo wa Severn. Ni mahali pazuri penye matete, malisho yenye maji na vidimbwi vya chumvi, na pamevuta spishi nyingi, ila hapakurudisha matope yaliyofunikwa. Chamchanga wa miguu myekundu, ndege mdogo wa pwani anayechokoa minyoo na konokono topeni kwa mdomo mrefu, walifuatiliwa kwa pete za rangi miguuni kabla na baada ya malango kufungwa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba wale waliohamia mdomo jirani wa mto Rhymney walikuwa wepesi kwa uzito kuliko wenyeji wa huko, na kwamba uwezekano wao wa kuishi mwaka hadi mwaka ulishuka. Maana ya matokeo hayo ni pana, kwa sababu yalijibu dai lililozoeleka kwamba ndege waliofukuzwa watakwenda tu kula pengine: pengine pamekwisha kuwa na wenyewe. Msomaji aliyewahi kuwaona ndege wa jamii hiyo wakifuata maji yanayokupwa katika hori ya Mida, karibu na Watamu, ataelewa kwamba tope la pwani halina nafasi ya ziada ya kugawa. Mtembezi wa Cardiff anaposimama leo juu ya tuta na kutazama upande wa ziwa, sehemu kubwa ya ndege ambao angewaona zamani hawapo, na hakuna kibao cha maelezo kinachoweza kuliziba pengo hilo.

Ziwa lenyewe linahitaji kuhudumiwa kama kiumbe hai. Mito miwili huleta maji kutoka mabonde yenye watu wengi, na maji yaliyotulia hupoteza hewa, hivyo sheria ilitaka oksijeni iliyoyeyuka isishuke chini ya miligramu 5 kwa lita, kiasi kinachowatosha samoni na trauti wa baharini wanaopita kwenda kuzaa katika mito iliyoanza kupona baada ya kufungwa kwa migodi. Ili kutimiza sharti hilo, mabomba ya kupulizia hewa yamelazwa sakafuni mwa ziwa, na mtembezi makini huona juu ya maji viduara vya mapovu vinavyopanda bila kukoma, ambavyo wengi huvidhania kuwa samaki. Maji ya chumvi yanayoingia kila chombo kinapopitishwa ni mazito kuliko maji baridi na huzama chini, kwa hiyo karibu na vyumba vya kupitishia vyombo liko shimo la kuyakusanya ili yarudishwe baharini. Baada ya mvua kubwa mito huleta magogo, chupa na mifuko, ambayo zamani bahari ingeyachukua mara mbili kwa siku na sasa lazima yaokotwe kwa mashua maalum za mamlaka ya bandari ya mji. Kome wenye milia, wageni waliotoka mbali, wamekwisha kujishikiza kwenye kuta na minyororo.

Njia ya miguu ndiyo iliyokuja mwisho. Tuta lina urefu wa kilomita 1.1, na mwisho wake wa kusini-magharibi unashika kilima cha Penarth, mji mdogo wenye gati la mbao na chuma la mwaka 1895, ilhali mwisho wa pili unaishia kwenye ardhi ya bandari ambayo bado inafanya kazi. Kwa sababu hiyo, kwa miaka kadhaa baada ya malango kufungwa, mtu aliweza kulitembelea tuta kutoka Penarth lakini hakuweza kulivuka hadi katikati ya mji, na ni mwaka 2008 tu ambapo njia inayopita kandokando ya gati ilifunguliwa na ukuta ukawa daraja la kweli kati ya miji miwili. Mwaka 2010 liliongezwa daraja la waenda kwa miguu na baiskeli juu ya mto Ely, lililopewa kwa Kiwelisi jina la Pont y Werin, na mzunguko mzima wa ziwa ukakamilika, kama kilomita 10, ambao mtu mzima asiye na haraka huutembea kwa saa mbili na nusu hivi na mwendesha baiskeli huumaliza chini ya saa moja. Miaka miwili baadaye ilizinduliwa Njia ya Pwani ya Wales, yenye kilomita 1,400 zinazofuata mwambao wote wa nchi hiyo, nayo hupita juu ya tuta. Na kutoka ukingo wa ziwa huanza njia ya mto Taff inayopanda kilomita 88 hadi Brecon, ikifuata mara nyingi mapito ya zamani ya mifereji na reli za makaa. Kwa maneno mengine, kilomita moja iliyokosekana ilikuwa ufunguo wa mamia ya kilomita nyingine, na thamani yake haiwezi kuhesabiwa kwa urefu wake.

Manufaa ya kwanza ya njia hiyo ni usawa wake. Pwani ya Severn ina majabali, vilima na madaraja ya magari yenye kelele, lakini sehemu ya juu ya tuta ni tambarare, pana na ya lami, haina magari ya watu binafsi, na inapitika kwa kiti cha magurudumu, kwa gari la mtoto na kwa mzee mwenye fimbo bila hata ngazi moja. Hasara yake ni kwamba haina kivuli cha miti wala kizuizi cha upepo. Upepo wa kusini-magharibi, ambao ndio wa kawaida huko, humpiga mtembezi ubavuni kutoka mwanzo hadi mwisho, na mwendesha baiskeli anayekwenda Penarth kwa shida hurudi akisukumwa. Waenda kwa miguu na waendesha baiskeli wanagawana lami moja, jambo linalokwenda vizuri siku za kazi na vibaya alasiri za Jumapili, hasa kwenye madaraja ya kuinuka, ambapo njia hubana na watu husimama ghafula kutazama. Mwendesha baiskeli anayetaka mwendo hana budi kuja mapema asubuhi, au akubali kushuka na kukokota. Hakuna kanuni nyingine itakayofaa mahali ambapo nusu ya wapitaji wanatazama pembeni badala ya mbele.

Nao wana sababu ya kutazama pembeni. Karibu na mwisho wa Penarth kuna vyumba vitatu vya kupitishia vyombo, malango matano ya kutolea maji ya mto na njia ya samaki, vyote vikiwa vimepangwa mahali pamoja, na njia ya miguu hupita juu yake moja kwa moja badala ya kuzungushwa nyuma ya uzio. Chumba cha kupitishia vyombo ni beseni refu la zege lenye lango kila mwisho: mashua ya matanga inayotoka ziwani huingia, lango la nyuma hufungwa, maji huachwa yatoke polepole hadi yalingane na bahari, kisha lango la mbele hufunguliwa. Wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa, bahari huwa chini ya ziwa kwa karibu mita 10, kwa hiyo mashua ambayo dakika chache zilizopita staha yake ilikuwa karibu na macho ya mtazamaji huonekana ikishuka kati ya kuta zilizolowa, zenye utelezi wa mwani, hadi kubaki ncha tu ya mlingoti katika usawa wa njia. Ndani ya chumba, gati la kuelea hushuka pamoja na maji, na mabaharia huishika kamba kwa mkono mmoja bila kuifunga, kwa maana kamba iliyofungwa mahali pasiposhuka ingeining’iniza mashua. Mlingoti mrefu unapohitaji nafasi, taa nyekundu huwaka, vizuizi hushushwa, na kipande kizima cha barabara hunyanyuka upande mmoja hadi kusimama. Wapitaji hungoja pande mbili, na katika kungoja huko ndiko watu wasiojuana huanza kuulizana chombo kile kinakwenda wapi.

Kuna jambo ambalo mtazamaji mzuri hulijua na mgeni hulikosa. Kwa kuwa bamvua hufungamana na nafasi ya jua na mwezi pamoja, katika bandari yoyote ile kilele chake huangukia karibu saa zilezile za siku mwaka mzima. Mwani wa Unguja unaolimwa kwenye ufukwe wa mashariki huendewa asubuhi kati ya saa tatu na saa tano, kwa sababu ndizo saa ambazo bamvua huacha wazi mashamba. Cardiff, kwa sababu hiyohiyo, bamvua hujaa asubuhi na jioni na hukupwa kati ya saa saba na saa tisa mchana. Mtu anayekwenda kutembea baada ya chakula cha mchana siku mbili baada ya mwezi mpevu atakuta bahari ikiwa chini kabisa, vyumba vikishusha mashua kwa kina kirefu na malango yakimwaga maji ya mto kwa kishindo. Akikaa hadi machweo, ataona kinyume chake: bahari hupanda kwa kasi inayoonekana kwa macho kwenye alama za kuta, kuna dakika ambazo pande mbili hulingana, kisha katika bamvua kubwa bahari hupita ziwa kwa zaidi ya mita moja, malango yote ya mto yakiwa yamefungwa, na mashua zinazorudi nyumbani hushushwa kuingia ndani badala ya kupandishwa. Kugeuka huko kwa juu na chini ndani ya saa sita ndiko kunakoonyesha kazi ya tuta kuliko maelezo yoyote yaliyoandikwa, na ziara ya nusu saa haitoshi kuliona hilo.

Msanii Felice Varini, mzaliwa wa Uswisi, alielewa tabia hii ya mahali ya kutegemea msimamo wa mtazamaji, na mwaka 2007 alipaka rangi ya manjano juu ya kuta, malango na minara ya vyumba vile vitatu, vipande vilivyoonekana ovyo kwa anayepita, ambavyo mtu akisimama mahali pamoja maalum hukutana na kuwa duaradufu tatu kamili. Kazi nyingi za sanaa zinazowekwa mbele ya maji zingeweza kuwekwa popote. Hiyo ilihitaji zege lile, na ilimlazimu mtazamaji kutembea kwa uangalifu hadi kuipata. Kwa anayetazama nje, kisiwa cha Flat Holm kipo katikati ya mlango wa bahari, na kati ya kisiwa hicho na rasi ya Lavernock, kusini mwa Penarth, ndipo Guglielmo Marconi alipopitisha Mei 1897 ujumbe wa kwanza usio na waya juu ya bahari ya wazi. Kapteni Robert Scott naye aling’oa nanga hapa Juni 1910 kwa meli ya Terra Nova kuelekea Ncha ya Kusini, na tuta lina kumbukumbu yake.

Matuta mengine yanasaidia kuona ni nini katika haya kinatokana na Cardiff na ni nini kinatokana na tuta lolote. Lile la mto Rance, karibu na Saint-Malo nchini Ufaransa, lilizinduliwa mwaka 1966 kwa ajili ya umeme, nalo lina mitambo 24 yenye jumla ya megawati 240 iliyofichwa ndani ya ukuta wa mita 750. Hapo bahari hufanya kazi kubwa kuliko Cardiff, lakini juu ya ukuta imepita barabara kuu, na anayetembea au kuendesha baiskeli husikia magari kuliko maji. Daraja linapoinuka kupitisha mashua, kinachoonekana zaidi ni foleni. Tuta la Marina nchini Singapore, la mwaka 2008, lina malango tisa katika upana wa mita 350 na limeigeuza ghuba iliyo katikati ya jiji kuwa hifadhi ya maji ya kunywa inayokusanya mvua ya sehemu moja ya sita ya kisiwa. Waliolibuni waliwafikiria watu tangu ramani ya kwanza: paa la nyumba ya pampu ni mteremko wa majani ambako familia hurusha vishada jioni. Hata hivyo kujaa na kupwa kwa bahari huko ni kudogo, na vyombo havipiti kwa wingi, kwa hiyo mtazamaji hupata mandhari ya jiji zaidi ya tamasha la maji. Kwa kigezo kinachotumiwa hapa, Singapore imeshinda kwa ukarimu wa mpango na Cardiff kwa utajiri wa kinachoonekana, ilhali Rance inaonyesha jinsi uamuzi mmoja kuhusu magari unavyoweza kumnyima mtembezi karibu kila kitu.

Mombasa imelipitia swali hili kutoka upande wa pili. Tuta la Makupa, lililounganisha kisiwa na bara kwa miaka mingi, lilikuwa kifusi kigumu kisicho na lango hata moja, na liliyatenga maji ya hori mbili ambayo zamani yaliungana. Mwaka 2022 lilifunguliwa daraja lililochukua nafasi yake, ili maji yaweze kupita chini. Daraja la kuelea la Liwatoni, lililowekwa wakati wa Uviko kwa ajili ya waenda kwa miguu wa Likoni, lilikuwa na kipande cha katikati cha kuondolewa ili meli za Kilindini zipite, na waliolivuka walijua ugumu wa kuratibu miguu ya watu na ratiba ya bandari. Umati unaokaa jioni katika bustani ya Mama Ngina kutazama meli zikiingia mlangoni unathibitisha kwamba hamu ya kutazama vyombo haihitaji kufundishwa popote. Kinachohitajika ni mahali salama pa kukaa karibu na mkondo, na mamlaka za bandari, zenye haki ya kujali usalama na ushuru, mara nyingi hupaona hapo kama hasara.

Suala lililobaki wazi Cardiff ni la muda mrefu zaidi. Wenye kuendesha tuta hulishusha ziwa mapema mvua kubwa inapotabiriwa, ili mito ipate pa kukaa katika saa ambazo bahari iko juu na malango hayawezi kufunguliwa. Kadiri kimo cha bahari duniani kinavyopanda, saa hizo zitaongezeka, nafasi ya kumwaga maji itapungua, na gharama za uendeshaji, ambazo huendelea kulipwa na fedha za umma wakati faida ya viwanja imekwisha kuchukuliwa na wenye viwanja, zitakua. Iwapo siku moja itabidi ukingo wa upande wa bahari uinuliwe, wahandisi watakuwa na hesabu za mawimbi na za uzito wa mawe mezani, na hesabu moja zaidi inapaswa kuwa pamoja nazo: mtu aliyeketi katika kiti cha magurudumu ana macho yaliyo kama mita 1.2 kutoka ardhini, na ukuta mzima wa zege unaozidi kimo hicho, usioachiwa upenyo wala jukwaa, utamwondolea bahari, mashua na vyumba vile vitatu, hata kama njia yenyewe itabaki wazi kwake kila siku ya mwaka.